Orodha inasomwa, kalasi inabaki nusu: kutazama tena filamu Examen d'État

Leo siko na tangazo la kazi wala la buruse. Niko na filamu moja ya mwaka 2014, na niko na neno juu ya michango yetu. Mambo hayo mawili yanaenda pamoja, mutaona mbele.

Filamu inaitwa Examen d'État. Mwenye kuitengeneza ni Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, aliyezaliwa 1984 na aliyesomea utabibu kabla ya kushika kamera. Wengi wenu munamujua juu ya Maman Colonelle ya 2017, ao juu ya En route pour le milliard, ile ya wahanga wa vita ya siku sita ya Kisangani wanaoshuka mto mpaka Kinshasa kudai haki yao. Examen d'État inasemwa kidogo kuliko hizo mbili. Kwangu mimi ndiyo inayotuhusu zaidi siye watu wa diploma, kwa sababu hakuna mmoja wetu ambaye hakupita pale.

Juma iliyopita tuliitazama watu watano, ndani ya chumba kimoja hapa Katuba, kwenye kompyuta ndogo, batri ikiwa karibu kuisha. Filamu ilipokwisha, mmoja akasema: "Bale batoto banafanana na siye kabisa." Mwingine akajibu: "Hapana. Banafanana na bale benye tuliacha nyuma." Tukabishana mpaka usiku. Haya ninayoandika yametoka katika ubishi ule.

Filamu inaonyesha nini

Tuko Kisangani, katika Athénée Royal, shule ya serikali. Finalisti wanajitayarisha kwa Exetat, mtihani ambao tangu 1967 ndio mlango wa kuingia chuo kikuu kwa mtoto wa Kongo. Maulizo yanatoka Kinshasa, siku ni zile zile kwa nchi nzima, na kila mtu anatafuta 50% yake. Lakini hawa finalisti hawakai katika kalasi. Wanafukuzwa, wanarudi, wanafukuzwa tena. Hawajalipa primu ya walimu.

Wanafanya nini? Wanachukua nyumba moja, wanaiita "maquis", na kule ndiko wanasoma wao kwa wao na kuulizana maswali. Wakati mwingine wanatafuta makuta. Mmoja anabeba mizigo ya watu sokoni. Siku zikikaribia, wanatafuta maombi na baraka, na wanatafuta pia njia za kupata majibu kabla ya saa. Kisha mtihani unafika, kisha matokeo.

Hadithi ni hiyo tu. Hamadi hasemi neno juu ya picha. Hakuna sauti ya kutuelezea, hakuna mtaalamu aliyekaa mbele ya rafu ya vitabu. Anashika kamera mwenyewe, anasimama karibu sana na watu, anangoja. Wengine wanachoka na namna hiyo. Mimi naona imefaa, kwa sababu jambo analotaka tuone ni jambo ambalo siye tumelizoea mpaka hatulioni tena.

Jambo lenyewe ni lile la uwanja wa shule. Kufukuza watoto kunafanyika kama kazi nyingine yoyote ya asubuhi, kama kupandisha bendera. Mutu wa Ulaya akitazama pale anashangaa. Siye tunatazama tunasema: eh, njo vile. Nguvu ya filamu iko katika hiyo "njo vile". Inaturudishia jambo letu wenyewe, inatuuliza kama kweli ni la kawaida.

Jambo halikuanguka toka mbinguni

Wadogo wengi wanadhani primu ilikuwako tangu zamani za Wabelgiji. Hapana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ya Zaire ilishindwa kulipa walimu, migomo ikafunga shule, na wazazi wakakubali kutoa kitu kidogo ili walimu warudi kalasini. Ilikuwa dawa ya muda. Ikawa mshahara. Halafu sehemu ya ile makuta ya wazazi ikaanza kupanda ngazi, kwenda kulisha ofisi za juu za elimu. Kwa hiyo perefe anaposoma orodha, si roho mbaya yake tu. Nyuma yake kuna walimu wanaongoja, na juu yake kuna watu wanaongoja.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni ya bure. Ilibaki kwenye karatasi mpaka mwezi wa tisa 2019, ndipo gratuité ikaanza kweli. Wakati Hamadi anatengeneza filamu yake, orodha ilikuwa inasomwa toka kalasi ya kwanza mpaka ya mwisho.

Ninachopenda ni kwamba filamu haitupatii adui mmoja wa kuchukia. Kama mwalimu angeonyeshwa kama mwizi, tungetoka pale tumeridhika. Tunamuona mtoto ambaye hana, na tunajua mwalimu naye hana. Mutu masikini anamudai mutu masikini mwenzake, na mwenye deni la kweli hayupo katika picha. Sisemi hivi kwa kusoma tu. Nasema kwa sababu nimesimama pande zote mbili.

Pande zote mbili

Mama yangu aliuza makala. Makala haina siku ya mshahara: leo unauza mifuko mitatu, kesho mvua inanyesha, hakuna mtu. Nikirudi nyumbani saa tatu ya asubuhi, hakuuliza kitu, alijua. "Banatufukuza tena juu ya primu." "Makuta iko wapi, mwanangu? Ngoja, juma mbili ntaona." Hiyo juma mbili ilikuwa juma mbili ya nani, Mungu tu anajua.

Nilimaliza. Nilipata diploma yangu, kisha chuo kikuu, na nilipotoka, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kufundisha hesabu katika shule moja ya hapa mjini. Nilikuwa mwalimu mupya asiye na namba ya kulipwa na serikali, wale tunaoitwa "nouvelles unités". Chakula changu kilitoka kwa primu ya wazazi, hakuna kwingine.

Mwezi wa tatu perefe akanipa orodha. Majina kumi na manne. Nilisoma kwa sauti ile ile niliyokuwa nasomewa mimi. Kulikuwa kijana mmoja mwenye akili, wa benchi ya pili, ambaye tulikuwa katikati ya somo naye ubaoni. Aliweka chaki chini, akafunga kaye yake, akaniuliza: "Mwalimu, hii somo ntakuya kukopia kwa nani?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia aende kwanza, tutaona. Jumamosi nikapata fungu langu la primu, nikanunua unga wa bukari na mafuta. Nilikula.

Alirudi baada ya siku tano. Somo lilikuwa limekwisha, na mimi nilikuwa mbele na sura nyingine. Tulipotazama filamu juma iliyopita, sikumuona yule wa Kisangani. Nilimuona huyu.

Tuhesabu kidogo

Hapa ndipo nataka tuwe makini, kwa sababu wasomaji wengi wa filamu hii wanaitazama kama filamu ya bidii. Tuchukue mtoto anayefukuzwa siku tatu kwa mwezi, ambaye wengi wenu mutasema huyo ana bahati. Kwa miezi tisa ni siku 27, karibu mwezi mzima wa masomo. Kwa miaka sita ya sekondari ni siku 162. Mwaka wa shule kwetu una siku mia mbili na kidogo. Yaani huyu mtoto anafika kwa Exetat akiwa amekosa sehemu kubwa ya mwaka, na hesabu na fizikia ni masomo ya ngazi: ukiruka tatu, ya nne haikubebi.

Halafu Kinshasa inatuma maulizo yale yale kwa wote. Matokeo yakitoka tunasema: fulani ana 72%, fulani ana 51%, fulani ameanguka. Tunadhani tumepima akili. Sehemu kubwa ya tulichopima ni saa ambazo kila mmoja alikaa mbele ya mwalimu. Wale wa nyumba zenye makuta na wale wa nyumba za makala walikuwa na mwalimu mmoja na ubao mmoja, ila saa zao hazikuwa sawa.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasifu ile maquis, "ona vijana wanavyopambana", nakubali nusu. Umoja wao ni mzuri kweli. Anayejua kidogo anamfundisha asiyejua. Lakini maquis ni shule ambayo mwalimu hayupo. Kosa moja katika kaye ya mmoja linakuwa kosa la wote. Tukiisifu sana, tunasahau kuuliza kwa nini mtoto analala pale wakati shule ya serikali iko karibu, na ina viti.

Na juu ya maombi na kutafuta majibu: kuna waliosema filamu inatuaibisha, inaonyesha Wakongo kama watu wa udanganyifu na uchawi. Sikubali. Ukimunyima mtoto somo, halafu ukamwambia maisha yake yote yanategemea mtihani wa siku chache, umemwachia nini? Bahati, Mungu, na soko la majibu. Atapiga milango yote mitatu. Hamadi hawacheki vijana hao, na hawapambi. Anatuonyesha mpango mzima ulivyo, na udanganyifu unaonekana kuwa mtoto wa mpango huo.

Mahali ambapo sikubaliani na filamu

Sasa lawama yangu. Filamu inaanza mwisho wa njia. Hawa wote ni finalisti. Ni watoto walioshinda miaka kumi na moja ya orodha. Tunaposhangilia na wale waliofaulu, tunasahau kuwa kundi kubwa halikufika hata kwenye ule uwanja. Filamu inachunguza pengo kati ya wenye kalasi na wenye maquis. Pengo pana zaidi liko chini, na halina picha.

Chukueni kalasi ya kwanza ya hapa Katuba ao ya Kenya. Mtoto wa miaka sita anasema Kiswahili kizuri, anajua kuhesabu makuta ya mama yake sokoni bila kukosea. Anaingia kalasini anasikia "Répétez!" Anarudilia. Anarudilia mwaka mzima maneno ambayo hayana kitu ndani. Jirani yake, ambaye baba yake anafanya kazi ofisini na nyumbani wanasema Kifaransa, anaonekana ndiye mwenye akili. Sheria ya elimu ya 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mahali kama lugha za kufundishia. Karatasi iko. Lakini wazazi wengi mjini wanaogopa, na vitabu ni vichache. Wakati huo jirani zetu wa Burundi, wanaoanza na Kirundi, ndio waliokuwa juu kwa kusoma katika madarasa ya mwanzo kati ya nchi kumi zilizopimwa na PASEC 2014. Burundi si nchi tajiri kuliko siye. Hawana siri nyingine: mtoto anafundishwa kusoma katika lugha anayoijua, halafu ndipo anavuka.

Chukueni wasichana. Makuta ikiwa ya mtoto mmoja, nani anabaki nyumbani? Hatuhitaji utafiti wa kutoka nje, kila mmoja wetu ana dada wa kumhesabu. Chukueni watoto wa vijiji, ambako shule ina mwalimu mmoja kwa kalasi mbili. Hawa wote hawamo katika filamu. Sisemi Hamadi angewaweka wote, filamu si magunia. Nasema siye watazamaji tusiondoke tukidhani kwamba tatizo ni la finalisti.

Je, filamu imezeeka?

Mmoja wetu alisema: "Hiyo ilikuwa mbele ya gratuité. Sasa imekwisha." Haijaisha. Gratuité ya 2019 ni jambo kubwa, na anayeidharau hajawahi kurudishwa nyumbani saa tatu. Watoto waliingia kwa wingi, na mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali mradi wa dola milioni 800 wa kuisaidia. Lakini watoto waliingia katika vyumba vile vile, na benchi zile zile. Walimu wengi walikuwa bado hawana namba ya kulipwa, na primu yao ilikuwa imekatwa. Kalasi ikijaa hivyo, mwalimu anafundisha wale wa mbele. Wa nyuma wako ndani, hawafukuzwi tena, lakini somo haliwafikii. Na mtoto akitoka masomo ya msingi akaingia sekondari, anaikuta orodha inamngojea. Imesogea, haijafa.

Ndiyo maana nasema filamu hii ingeonyeshwa leo katika kila kalasi ya ualimu. Si kwa kulia. Ni kwa kujifunza kwamba kufungua mlango na kufundisha ni kazi mbili.

Neno juu ya michango yetu

Wakubwa, nafika kwa neno gumu. Kuna pendekezo mbele ya kamati kwamba michango ya mwaka huu inunue zawadi kwa finalisti watakaopata asilimia kubwa katika mtaa: kompyuta kwa wa kwanza, makuta kwa wa pili na wa tatu. Walioleta pendekezo wana moyo mzuri. Wanataka kutia watoto nguvu. Lakini baada ya filamu hii, na baada ya hesabu ya siku 162, mimi sitainua mkono. Tutampa kompyuta mtoto ambaye hakufukuzwa hata siku moja. Tutapanua lile pengo kwa makuta yetu wenyewe, na tutapiga picha.

Tufanye nini basi? Hatuna dola milioni 800. Tuna watu wenye diploma, wengi bila kazi, wenye mchana mrefu. Hapo karibu, ng'ambo ya Kasumbalesa, Zambia ina mpango unaoitwa Catch Up. Watoto wa madarasa ya tatu mpaka ya tano wanapimwa kidogo, kisha kwa muda fulani kila siku wanapangwa kwa kiwango wanachojua kusoma na kuhesabu, si kwa kalasi yao. Asiyejua herufi anaanza na herufi, hata kama ana miaka kumi. Namna hiyo ilitoka India, kwa shirika la Pratham, na imechunguzwa sana. Haitaki mashine. Inataka mtu mwenye subira, chaki, na ukweli juu ya mtoto anajua nini.

Napendekeza mambo matatu.

La kwanza: saa mbili za mchana, siku nne kwa juma, katika shule moja ya msingi itakayotukubali, kwa watoto wa kalasi ya tatu na ya nne wasiojua kusoma. Kwa Kiswahili kwanza. Tusione haya.

La pili: kwa finalisti, tufungue "maquis" yenye mwalimu. Mwenye hesabu kati yetu aje siku ya hesabu, mwenye kemia siku yake. Iwe mchana, mwangani, ili wazazi wakubali wasichana waje. Na aliyefukuzwa asubuhi aje wa kwanza, akopie somo alilokosa. Kila shule, tutafute mwanafunzi mmoja wa kutuletea kaye.

La tatu: makuta ya zawadi iwe mfuko mdogo wa kukopesha primu kwa mzazi anayechelewa, si kwa asiyetaka. Mama wa makala hakatai kulipa. Anangoja juma mbili. Hiyo juma mbili ndiyo tunaweza kuiziba.

Hayo hayaondoi kazi ya serikali. Mwenye deni la kweli abaki na deni lake, na tuendelee kumdai alipe walimu wote, wapya na wa zamani, wa Kinshasa na wa vijijini. Lakini mtoto wa benchi ya pili hawezi kungoja mpaka tumalize kudai.

Wanaoweza kuipata filamu, waitazame na walimu wao wa zamani kama wanaweza. Mukisha kuitazama, mulete maoni katika kikao cha mwisho wa mwezi, hata ya kunipinga. Mimi nitaleta lile pendekezo langu limeandikwa, na jina langu litakuwa la kwanza katika orodha ya wale watakaofundisha hesabu. Kuna swali nililoulizwa ubaoni, na nimechelewa miaka saba kulijibu.